Mwongozo kamili wa kuandika wasifu wa marehemu: mzee ameishi miaka themanini, unaanzia wapi?

Nina duka la steshenari mjini Morogoro, si mbali na hospitali. Wasifu za marehemu hunifikia usiku, kati ya saa mbili na saa tano, kwa maziko ya kesho yake saa nane mchana. Anayeuleta mara nyingi ni kijana wa familia. Amechoka, karatasi imekunjwa mara nne, na upande wa nyuma ipo orodha ya mchele, mkaa na sukari.

Nikianza kuchapa nakutana na makosa yale yale. Mzee wa miaka 84 ameandikwa kwa vituo vya kazi 11 na sifa tisa, "mcheshi, mkarimu, mpenda watu", na hakuna mstari hata mmoja unaomwonyesha akifanya jambo. Mtoto mmoja kasahaulika. Ukitoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kuajiriwa, marehemu alianza kazi akiwa na miaka tisa.

Mwongozo huu nimemwandikia yule kijana. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana ukiruka moja utairudia saa sita usiku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la mistari na kalamu mbili. Usitumie simu kuandikia. Siku ya msiba simu yako itaita kila dakika tatu, na ukiiweka chaji kwa jirani umebaki mikono mitupu.
- Mfuko wa nyaraka za marehemu. Kila mzee anao. Uko kwenye sanduku la bati, chini ya godoro, au juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni. Unatafuta cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, barua ya ajira, barua ya kustaafu, kitambulisho cha taifa, kadi ya chama, daftari la kikundi cha kufa na kuzikana.
- Kibali cha mazishi au karatasi ya hospitali, kwa ajili ya tarehe ya kifo. Tarehe hiyo ndiyo watu hukosea kuliko zote, kwa sababu aliyefariki saa nane usiku kuna wanaomhesabia jana.
- Watu watatu wa kuwahoji: mmoja aliyemjua utotoni, mmoja wa kazini, mmoja wa mtaani au wa kanisani.
- Saa nne za utulivu. Hazipatikani zote pamoja. Zigawe: mbili za kuuliza, moja ya kuandika, moja ya kusahihisha na kuchapa.

Kamati ya mazishi ikikwambia "andika tu chapchap, nusu saa inatosha", waambie ndiyo, kisha uendelee na saa zako nne.

## Hatua ya 1: Jua nani anapitisha

Muulize msemaji wa familia: wasifu huu nani ana neno la mwisho? Apatikane mtu mmoja. Wakiwa watatu, kila mmoja atafuta alichoongeza mwenzake, nawe utachapa mara saba.

Ukishampata, mvute pembeni, msiwe chini ya turubai, umuulize mambo manne:

1. Jina gani liandikwe? La ubatizo, la ukoo, au lile ambalo mtaa mzima unalijua?
2. Kama alioa zaidi ya mara moja, au aliachana na mke, tunaandikaje?
3. Wapo watoto waliozaliwa nje ya ndoa?
4. Ugonjwa utajwe au usitajwe?

Swali la tatu lina aibu lakini halikwepeki. Mtoto huyo atakuja mazikoni, atasimama na wenzake, na kila mtu atamtambua isipokuwa karatasi yako. Familia ikikataa kumtaja, huo ni uamuzi wao. Kazi yako ni kuhakikisha umeamuliwa na mwenye mamlaka, asije mtu akasema wewe ndiye uliyesahau.

Tahadhari: usiandike kitu chochote kuhusu nani kaachiwa shamba au nyumba. Hayo yana kikao cha ukoo na mahakama. Nimeona mstari mmoja wa wasifu, "alimkabidhi kitinda mimba nyumba yake", ukanukuliwa kwenye ugomvi wa mirathi kama vile ni wosia.

## Hatua ya 2: Nyoosha tarehe

Mwaga mfuko wa nyaraka kitandani. Andika kila tarehe unayoiona na karatasi ilikotoka, hata kama zinapingana. Zitapingana.

Wazee wengi hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa. Ukiona tarehe 1 Januari kwenye kitambulisho, ujue mara nyingi ni tarehe ya kukisia iliyojazwa mezani. Kanuni yangu ni hii: karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio ndiyo ya kuaminiwa. Cheti cha ubatizo cha mwaka 1944 kinajua zaidi kuliko kitambulisho cha juzi.

Kisha piga hesabu. Siku hizi katika utumishi wa umma mtu anastaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Barua ikisema alistaafu kwa lazima mwaka 2006, basi mwajiri alikuwa na mwaka 1946 kwenye faili. Cheti cha ubatizo kikisema 1943, marehemu alijipunguzia miaka mitatu, kama walivyofanya wengi ili waingie shule au wakae kazini muda mrefu zaidi. Andika 1943, na usielezee.

Pasipo na karatasi kabisa, tumia matukio. Usimuulize shangazi "alizaliwa mwaka gani". Muulize: "Wakati wa Uhuru alikuwa anachunga au ameshaanza shule?" Mimi hutumia orodha hii, ipo ukutani kwangu:

- 1939 hadi 1945: vita vya Hitla
- Aprili 1952: kimbunga kilichopiga Lindi
- 7 Julai 1954: kuzaliwa kwa TANU
- 9 Desemba 1961: Uhuru
- 26 Aprili 1964: Muungano
- 5 Februari 1967: Azimio la Arusha
- 1973 hadi 1976: Operesheni Vijiji, watu kuhamishwa
- 5 Februari 1977: kuzaliwa kwa CCM
- 1978 na 1979: vita vya Kagera
- 12 Aprili 1984: kifo cha Sokoine
- 21 Mei 1996: kuzama kwa MV Bukoba
- 14 Oktoba 1999: kifo cha Mwalimu Nyerere

Matukio haya yanafaa pia kwa miaka ya ndoa na ya watoto. Mama akisema "wa nne nilimzaa tukiwa tumehamishiwa kijiji kipya, hata nyumba haijaezekwa", umeshapata mwaka, na umepata na sentensi.

Ukikosa uhakika andika "mwaka 1938 hivi". Hakuna atakayekucheka. Watakaokucheka ni pale utakapoandika tarehe, siku na mwezi, na dada yake mkubwa akahesabiwa kuwa mdogo wake.

Majina ya mahali na ya ofisi hubadilika. Geita imekuwa mkoa mwaka 2012, pamoja na Njombe, Simiyu na Katavi. Aliyefanya kazi huko miaka ya themanini aandikwe "wilayani Geita, wakati huo Mkoa wa Mwanza". Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kwa hiyo ukiambiwa mzee alikuwa karani wa ushirika "mfululizo toka 1967 mpaka 1990", uliza: hapo katikati alikuwa wapi? Reli nayo ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Turubani watakuwepo wazee waliofanya kazi humo, na sikio lao halikosi.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusoma tarehe zako kutoka juu hadi chini na umri ukapanda bila kurudi nyuma.

## Hatua ya 3: Hoji watu watatu

Hapa ndipo wasifu unapopatikana au kupotea. Tumia muda wako mwingi hapa, hata kama utapunguza kwingine.

Ukimuuliza mtu "marehemu alikuwa mtu wa namna gani", atakupa sifa, na sifa za marehemu wote zinafanana. Dawa ni kuuliza siku. Kila akikupa sifa, muulize siku aliyoiona kwa macho.

Kuna mzee mmoja aliwahi kuwa karani wa kununua pamba huko Kilosa, na baada ya kustaafu akawa mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wao. Mjukuu wake alikuja dukani na ukurasa mmoja wa sifa. Nikamwambia twende kwa jirani yao, bibi mmoja mtu mzima. Mazungumzo yalikwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni mkekani."

"Pole na msiba, bibi. Tunaandika ya mzee. Unamkumbukaje?"

"Aa, yule alikuwa mtu wa watu."

"Mtu wa watu vipi, bibi?"

"Alijitoa."

"Siku gani ulimwona anajitoa?"

Akanyamaza. Akavuta khanga begani, akacheka kidogo. "Siku anamwoza binti yake. Maji yalikuwa ya zamu, na zamu yetu saa kumi. Funguo za bomba anazo yeye shingoni, kazifunga na kamba ya kiatu. Sisi tuko ukumbini tunasubiri keki, baba bibi harusi haonekani. Kaja baadaye, suruali ya suti imelowa mpaka magotini. Alikwenda kufungua maji."

Mjukuu hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote alijua tu kwamba babu "alikuwa kwenye kamati".

Maswali yanayozaa habari za namna hii ni madogo. Chukua haya:

- Aliamka saa ngapi, na kitu cha kwanza alishika nini?
- Ukienda kwake kukopa, alikujibuje?
- Alikuwa mkali kwenye jambo gani?
- Kitu gani hapa mtaani kisingekuwepo kama si yeye?
- Neno gani alilisema mara kwa mara mpaka watoto wakawa wanamwigiza?
- Mkononi, mfukoni au kwenye baiskeli yake hakikosi nini?

Kwa yule wa kazini, muulize kazi yenyewe ilifanywaje. Watu hudharau swali hili. Karani mwenzake alituambia kwamba kila asubuhi ya msimu wa pamba, kabla ya kupima mzigo wa kwanza, mzee alipanda yeye mwenyewe kwenye mizani, akataja kilo zake kwa sauti mbele ya wakulima. Wote walikuwa wanajua uzito wake. Mizani ikichezewa, wangejua.

Tahadhari: usiwahoji watatu kwa pamoja. Wa kwanza akisema "mkarimu", wengine wawili wataitikia "kweli kabisa, mkarimu" na habari imekwisha. Pia usimhoji mjane siku ya kwanza kwa maswali mengi. Mwulize moja tu, kisha ukae naye. Akitaka, atasema.

Ukimaliza uwe na habari tatu zenye mtu, mahali na kitendo. Ukiwa na mbili zinatosha. Ukiwa na sifa mojamoja tu, rudi kauliza.

## Hatua ya 4: Orodha ya familia, polepole

Nikiri kosa langu. Wasifu wa baba yangu niliuandika mwenyewe, nikijiona fundi, kurasa nne. Niliweka kamati zote alizokaa. Baba alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na dada yake mkubwa, yule tuliyemwita shangazi wa Kilombero. Shangazi alikuwa hai, amekaa mstari wa mbele, amesafiri usiku kucha kwa basi. Sikumtaja. Mpaka leo sijui nilipitiwaje. Wasifu uliposomwa mpaka mwisho alijifunika kitenge usoni, na wote walidhani ni majonzi.

Kwa hiyo hatua hii usiifanye kichwani. Fanya hivi:

Chukua ukurasa mzima, chora mti wa ukoo. Juu waweke wazazi na waliomlea, kama hawakuwa wazazi. Kisha ndugu zake wote, walio hai na waliotangulia. Kisha wenzi wake. Chini ya kila mama andika watoto wake kwa kufuata kuzaliwa.

Watoto waliofariki wahesabiwe. Andika "alijaliwa watoto tisa, watatu wametangulia mbele za haki". Mama aliyezika watoto watatu akisikia "watoto sita" anakuwa amezika tena.

Wajukuu hesabu idadi, si lazima majina. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu, na mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Usiwachanganye wote kwenye "wajukuu", maana kuona vilembwe ni heshima kubwa kwa mzee na watu husubiri kusikia.

Kisha mpe ukurasa huo mtu wa upande wa baba ahakiki, halafu mtu wa upande wa mama. Kila mmoja aweke alama ya vyema pembeni ya kila jina. Wahakiki wawili, si mmoja. Mimi siku hizi sichapi bila alama hizo mbili, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Jambo dogo: vyeo vya watoto viache. Ukimwandika mmoja "Mhandisi" na mwingine jina tupu, umeshagawa msiba.

## Hatua ya 5: Gawa maneno kabla ya kuandika

Mpangilio uliozoeleka uache kama ulivyo: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa na familia, utumishi kwa jamii, ugonjwa na kifo, aliowaacha. Wasikilizaji wanaujua, na mwenye majonzi hahitaji kutafuta njia.

Cha kubadilisha ni uzito. Mimi nikisoma kwa sauti ya msibani, taratibu, napata maneno kama mia moja kwa dakika. Dakika sita hadi saba ndizo watu wanazozivumilia juani. Kwa hiyo una maneno 650:

- Kuzaliwa na elimu: 100
- Kazi: 150
- Ndoa na familia: 100
- Utumishi kwa jamii, pamoja na dini: 170
- Ugonjwa na kifo: 40
- Aliowaacha na kuaga: 90

Vituo vya kazi 11 haviingii humo. Chagua cha kwanza, cha mwisho, na kile alichokuwa akikisimulia yeye mwenyewe. Vingine viseme kwa sentensi moja: "alihamishwa vituo vingi katika mikoa ya Morogoro, Dodoma na Tabora."

## Hatua ya 6: Andika

Anza na sehemu ya kazi au ya utumishi, ile yenye habari uliyoisikia. Ukianza na "alizaliwa" utatumia nguvu zako zote kwenye majina ya vijiji.

Hivi ndivyo yule mjukuu alivyokuwa ameandika:

> Marehemu aliajiriwa kama karani wa ushirika mwaka 1967 ambapo alifanya kazi kwa uadilifu, bidii na uaminifu wa hali ya juu.

Na hivi ndivyo tulivyoibadilisha:

> Mwaka 1967 Mzee aliajiriwa kuwa karani wa chama cha ushirika, kwenye kituo cha kununulia pamba wilayani Kilosa. Kila asubuhi ya msimu, kabla ya mzigo wa kwanza, alipanda yeye mwenyewe kwenye mizani akataja kilo zake kwa sauti. Wakulima wakishasikia, kazi ikaanza.

Neno uadilifu limetoka. Hakuna aliyelidai.

Mengine ya kuangalia unapoandika:

"Marehemu" lisijae. Liweke mwanzo na mwisho. Katikati mwite walivyomwita: Mzee, Babu, Mwalimu, Mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ukisikiliza wasifu wenye "marehemu" mara arobaini, unasahau kwamba mtu huyo aliwahi kuwa hai.

Utumishi utaje kwa vitu. Badala ya "alishiriki shughuli nyingi za maendeleo", sema alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingapi, madarasa mangapi yalijengwa akiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kigango au usharika gani alisimamia msingi wake, kikundi gani alitunza daftari lake. Bomba likiwepo, sema liko wapi. Watu waligeuza shingo kulitazama bomba, nimeona.

Ugonjwa, sentensi mbili. "Afya yake ilianza kudhoofu mwaka jana. Alifariki dunia tarehe fulani, saa fulani, akiwa nyumbani." Usisimulie vipimo wala hospitali ipi ilimwambia nini, na usimlaumu daktari. Kipaza sauti cha msiba kinasikika mpaka barabarani.

Alifariki, aliaga dunia, alitutoka. Chagua moja. "Alikufa" kwa mzee wa watu linakwaruza masikio.

Ukali usiufiche. Kama alikuwa mkali, sema, kwa adabu. "Mzee hakupenda mtu achelewe, na waliowahi kuchelewa wanajua." Watacheka. Kicheko cha turubani hakimvunjii heshima mzee aliyekula chumvi nyingi. Cha kumvunjia heshima ni kumfanya malaika ambaye jirani zake hawamfahamu. Lakini deni lake, ugomvi wake na ndugu, au unywaji wake, hayo yaache yaende naye.

Mwisho wa wasifu tumia maneno ya dini yake yaliyozoeleka, usitunge yako. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe" watu wataitikia wenyewe. Shairi la mjukuu, kama lipo, lipewe nafasi yake kwenye ratiba.

## Hatua ya 7: Msomee mtu kabla ya kuchapa

Soma kwa sauti mbele ya yule anayepitisha, na mjane kama ana nguvu. Shika saa. Zikizidi dakika nane, punguza elimu na vituo vya kazi, kamwe usipunguze majina.

Kuna mtu atataka kuongeza sifa. Mkubalie marekebisho ya jina, tarehe na mahali, palepale. Kwa sifa, mwambie: "Sawa mjomba, nipe siku uliyomwona." Akiwa nayo, umepata habari ya nne. Akiwa hana, atanyamaza.

## Hatua ya 8: Chapa, kisha mpe msomaji sahihi

Herufi ziwe kubwa, saizi 16, upande mmoja wa karatasi, namba chini ya kila ukurasa. Sentensi isikatike ukurasa hadi ukurasa. Nakala tatu: ya msomaji, ya anayeongoza ibada, na ya mtu wa akiba.

Msomaji asiwe mtoto aliyemuuguza. Najua atataka. Atafika kwenye "aliowaacha" sauti itakata, na watu watalia wote hapo bila kusikia majina. Mpwa au mjukuu mkubwa anafaa zaidi. Mtu wa akiba asimame kushoto kwake akiwa na nakala, akifuatilia kwa kidole, ili sauti ya kwanza ikikwama ya pili iendelee kutoka neno lile lile.

Usisomee kwenye simu. Kioo kinazima, jua la saa nane linafuta maandishi, na niliwahi kuhudhuria maziko ambako simu iliita katikati ya wasifu kwa mlio wa taarabu.

## Kama msiba ni wa Kiislamu

Maiti haicheleweshwi, kwa hiyo hatua nane hazitoshei. Andika mistari kumi tu: jina, kuzaliwa, wazazi, makazi, kazi, aliowaacha, saa na mahali pa swala na maziko. Hiyo ndiyo itakayotangazwa msikitini na kutumwa kwa ndugu walio mbali.

Wasifu mrefu uandae taratibu kwa ajili ya hitma au arobaini, kama familia yenu huzifanya. Hapo una siku za kutosha kuwafuata watu watatu mpaka makwao. Muulize sheikh mapema kiasi gani cha kumsifia maiti kinafaa kwao, kwa kuwa misikiti haifanani kwenye hilo.

## Baada ya kuanua matanga

Daftari usilitupe. Ndani yake yamebaki mambo mengi ambayo hayakuingia kwenye maneno 650, na mti wa ukoo wenye alama za watu wawili familia itauhitaji kwenye kikao kijacho. Liweke kwenye mfuko ule ule wa nyaraka, pamoja na nakala moja ya wasifu.

Acha kurasa tupu nyuma. Waliokuwa turubani watakuja mmoja mmoja kuongeza walichokumbuka, wengine wiki tatu baadaye, mkikutana sokoni. Andika, weka na jina la aliyesema na tarehe.

Daftari la yule karani wa pamba limeongezeka kurasa mbili. Ya mwisho ni masahihisho kutoka kwa aliyeshona suti ya harusi ile: haikuwa nyeusi kama tulivyosoma, ilikuwa ya kijivu, na suruali alirudishiwa kesho yake aipige pasi, ikiwa bado ina tope kwenye pindo.